Nilisema Nimeelewa

Ipyana, ndugu yangu,

Nakusalimu kwanza, maana kwetu hata mgomvi wako humpiti bila salamu, sembuse wewe. Ugonile. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kutibiwa kwa chai. Mvua haijapumzika siku nzima tangu tukuzike. Kaburi lako pale kwenye migomba limetitia upande mmoja, nimelijazia udongo mara mbili kwa mikono hii hii iliyosalimiana na wakubwa wa nchi tatu. Usicheke. Mmoja alikuwa naibu waziri kabisa.

Dada yako Atupele ndiye aliyenipa kalamu. Anasema nikikuandikia nitapata usingizi. Mimi na kuandika unatujua: shule niliiachia kidato cha pili, iliyobaki nikaisoma barabarani, Kasumulu, Karonga, Lilongwe, Lusaka, hadi Lubumbashi na gunia zangu za mchele, na nikarudi na meno yote. Lakini kuna jambo nataka kukiri. Niache nizunguke kidogo kabla sijafika.

Siku uliyorudi kutoka Mbeya na begi moja, umeacha benki, mtaa wetu mzima wa Bondeni ulisema umefukuzwa. Mimi nikawaambia hapana, amerogwa, nikidhani nakutetea. Jioni ile ulinieleza habari za yule mama mfinyanzi wa Lyulilo. Ulimsomea karatasi za mkopo ukurasa kwa ukurasa, ukamuuliza, "Mama, umeelewa?" Akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Ndaga, asante." Akabonyeza dole gumba. Kisha, aliposhindwa kulipa, ukaja kutumwa wewe huyo huyo kwenda kuandika vitu vyake vya kuchukuliwa. Ukamuuliza mbona alisema ameelewa. Akakujibu kwa upole, wala hakuwa na hasira, kwamba siku ile ulikuwa umevaa vizuri, umehangaika sana kueleza, jasho linakutoka, angewezaje kukukatalia?

Ulisema hilo jibu lilikutoa kwenye kiti chako cha kuzunguka kuliko barua yoyote ya kufukuzwa.

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mtu wa maana akituuliza kama tumeelewa, tunasema ndiyo, asije akaona haya. Ndiyo maana ulipoanzisha masomo yako ya mtandaoni, hesabu za bure kwa Kiswahili cha mezani, hukutaka kufundisha simu peke yake. Ulitaka mbele yako akae mtu mmoja asiye na aibu. Ukaniambia umewaza Kyela yote na hukuhitaji hata kuwaza sana.

Basi tukapaka rangi ya ubao ukuta wa ndani wa ghala la kokoa la marehemu baba yako. Simu tukaifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye mchi uliosimama ndani ya kinu. Mimi kwenye ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya simu, kazi yangu ni neno moja. "Sijaelewa." Ulikuwa unarudi mwanzo, unaleta ndizi, unaleta punje za kokoa, unachora mitumbwi. Mara tatu, mara nne, hadi niseme sasa sawa. Watoto wa nchi nzima wakaijua sauti yangu bila kuniona uso. Babu Sijaelewa, wakaniita, mimi mtu wa miaka arobaini na minne. Siku moja pale mpakani karani mmoja aliacha kugonga muhuri, akanitazama, akasema, "Hebu sema sijaelewa." Nikasema. Ofisi nzima ikacheka, nikapita mbele ya foleni.

Nilijitapa kila mahali kwamba ni maigizo, kwamba hesabu zote nazijua, nakusaidia tu. Ipyana, sikuigiza hata siku moja. Wewe ulijua, na hukuniumbua hata ulipokuwa umenikasirikia.

Sasa nimefika.

Somo lile la mwisho, figo zilikuwa zimeshakumaliza. Ulitoka hospitali asubuhi, Atupele akakukatalia, ukaenda ukutani hivyo hivyo. Uliandika sita gawanya kwa nusu. Ukageuza ile nusu, ukazidisha, ikatoka kumi na mbili. Mkono mmoja ulikuwa na chaki, mwingine umeegemea ukuta. Ukageuka. "Gwamaka, umeelewa?"

Sikuelewa. Nilikuwa najiuliza, sita nimeigawanya, inakuwaje imezaa? Lakini nilikuona umehangaika, na jasho linakutoka.

Nikasema, "Nimeelewa."

Ukanitazama kidogo. Ukatabasamu, ukaweka chaki chini. Sijui kama uliniamini au ulishukuru tu. Baada ya siku tisa tukakuzika.

Video ile Atupele aliirusha hivyo hivyo. Wengi waliandika pole. Mimi ndiye ninayesoma maoni siku hizi, mpaka macho yanauma, nawajibu mmoja mmoja kwamba mwalimu amepumzika. Halafu nikakutana na binti mmoja wa Newala. Aliandika, "Mimi sijajua kwa nini inageuzwa. Huwa namsubiri Babu aulize. Leo hata Babu ameelewa, basi mjinga nimebaki mimi. Naacha hesabu."

Nimevuka mipaka na kukamatwa, nimelala kwenye lori kando ya mto uliofurika. Sijawahi kuishiwa nguvu kama siku ile. Uliacha benki kwa sababu ya ile nimeelewa, nami nikaenda kuiweka kwenye somo lako la mwisho, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilikwenda kumwomba Mwalimu Rehema wa sekondari, mtu wa Kondoa, hana hata mwaka tangu apangiwe huku, bado anaishangaa mvua yetu. Akakubali kuja Jumamosi. Hesabu yako ilikuwa bado ukutani, sikuruhusu mtu aiguse. Niliifuta mwenyewe. Kitambaa kilinichukua muda, ndugu yangu, kwa ukuta mdogo vile.

Akaandika ile ile, sita gawanya kwa nusu. Akageuza, akazidisha. Akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, umeelewa?" Mgeni, kavaa vizuri, kaja na matope hadi magotini. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo.

"Sijaelewa, mwalimu. Hapo ulipogeuza."

Alidhani namtania. Kisha akaitazama tena hesabu yake, akashusha chaki. "Kusema kweli," akasema, "hata mimi niliambiwa nigeuze tu."

Nilicheka, Ipyana. Mara ya kwanza tangu matanga. Naye akacheka, na simu inaendelea kurekodi. Nikaenda kuchota mchele kilo sita, Atupele akaleta ungo, nikachukua kopo langu la nusu kilo. Tukapima, Mwalimu Rehema akihesabu kwa sauti. Makopo kumi na mawili. Akasema polepole, kama anajiambia mwenyewe: kila kilo ina nusu mbili, kwa hiyo kilo sita ni sita mara mbili. Kugawanya kwa nusu ni kuuliza nusu ziko ngapi.

Kopo hilo nimelishika miaka ishirini. Niliwaambia ni vumbi la mchele limeniingia machoni.

Tumeirusha yote, pamoja na kucheka kwetu, na chini yake nimekiri kwamba mara ile Babu alidanganya. Binti wa Newala hajajibu. Labda bando limekwisha, labda ameacha kweli. Naichungulia simu kama kijana aliyetongoza.

Jambo moja zaidi, halafu nikuache. Siku ya mazishi mchungaji alieleza vizuri sana kwa nini umeondoka mapema. Alikuwa amehangaika, mvua inampiga. Watu wote wakaitika amina, nami nikaitika kwa sauti kubwa kuliko wote, unanijua. Leo naifuta amina ile. Hapo sijaelewa, Ipyana, na hakuna mchele wa kunipimia.

Ahadi yangu ni hii: Jumamosi yoyote mvua ikinyamaza juu ya bati, mimi niko kwenye ndoo. Anayefundisha awe amechoka, awe mgeni, awe mgonjwa, nisipoelewa nitasema.

Lala sasa. Kesho asubuhi nitakuja na koleo, ule upande umetitia tena.

Mimi mwenzio Gwamaka,
Babu Sijaelewa