Miaka Sita Niliyomwongezea Rulani

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwagia maji kiwanja cha udongo cha klabu saa kumi na mbili asubuhi. Nimeburuta rola peke yangu, mizunguko kumi na minne. Vijana wawili huiburuta kwa shida. Halafu chokaa. Mistari yangu imenyooka kuliko barabara ya Namanga.

Rulani ameshinda tena. Jina lake refu ni Shen Ruolan, Mchina, anacheza tenisi ya kulipwa, siku hizi anaonyeshwa kwenye televisheni za dunia nzima. Mwanafunzi wangu. Baba yake alikuwa injinia wa barabara, kambi yao ilikuwa Elerai. Kila jioni alimleta hapa klabu, akaniachia. Miaka kumi na sita iliyopita. Raketi za watoto hazikuwepo, nikachukua ya mtu mzima, nikaukata mpini kwa msumeno, nikauzungushia tyubu ya baiskeli. Nilimfundisha miezi saba. Aliniita Anko Anaeli. Siku ya kuondoka alilia mpaka mlinzi wa getini naye akalia.

Mimi nimesimulia mengi maishani. Yule balozi niliyemfunga tenisi kwa kutumia mwiko wa ugali, hilo lina chumvi kidogo. Hili la Rulani ni kweli tupu.

Redio moja ya hapa mjini imenipigia. Kesho niende.

Jumanne, 4 Februari

Nimevaa koti la harusi ya dada. Mtangazaji ni kijana anaitwa Toni. Ameniita Kocha. Nimeongea dakika arobaini bila kunywa maji.

Akauliza Rulani alikuwa na miaka mingapi alipowafunga wanaume wa klabu. Alikuwa na minane. Na hakuwafunga wanaume, alimfunga mwanasheria mmoja mwenye goti bovu. Lakini nani ataamini minane? Nikasema kumi na minne. Ili lisikike la kweli. Nikaongeza kwamba pasipoti yake niliishika kwa mkono wangu huu. Toni akanipigia makofi.

Jumatano, 5 Februari

Kijiji chetu chote cha Akheri kimesikia. Mchungaji kanipa mkono. Jirani yangu Kaaya, ambaye kila siku huniuliza kama nimemfundisha askofu kupanda pikipiki, leo kanivulia kofia.

Raha.

Ijumaa, 7 Februari



Ndeshi amenipigia niteremke mjini mara moja. Ni mtoto wa dada yangu, nimemlea mimi, ana kazi kwenye steshenari kule Levolosi. Nimefika, akanionyesha simu. Rulani amekaa mbele ya maikrofoni. Amekuwa mtu mzima. Paji la uso ni lile lile.

Anaongea Kichina, chini kuna maandishi ya Kiingereza. Ndeshi akatafsiri polepole kama anasoma barua ya msiba. Kwamba ni kweli aliishi Tanzania akiwa mdogo. Kwamba raketi alianza kushika kwao, na aliyemfundisha ni baba yake. Halafu akaulizwa juu ya mzee wa Arusha.

"Huyo mzee simjui. Sijawahi kumwona."

Nikamwambia Ndeshi arudie. Akarudia. Maneno yale yale.

Sijala.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeumia. Sina neno lingine.

Wanasema tenda wema nenda zako. Mimi sikwenda popote. Nipo hapa hapa miaka yote na rola yangu, angeweza hata kutuma mtu.

Kaaya kapata mdomo wake. Dukani, mbele ya watu: "Kocha, umesikika mpaka Uchina. Wamesema hawakujui." Mama muuza duka alicheka mpaka akashika mzani.

Nimeitwa mwongo mara nyingi, na nimecheka pamoja nao. Ukidanganya ukaitwa mwongo, mmelipana. Safari hii sikudanganya. Hapo ndipo panapouma.

Mchana katibu wa klabu kaniita. Wanachama wanaona aibu. Nibaki na rola na chokaa. Watoto wa darasa la Jumamosi atawafundisha mtu mwenye cheti. Miaka yote hiyo, darasa langu limeondoka kwa sentensi mbili.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nimekaa kwenye migomba.

Nimepanga. Nitarudi redioni niseme yote. Kovu la goti la kushoto. Meno mawili ya mbele yaliyong'oka mwezi mmoja, moja aliliokota kwenye udongo akanipa nimtunzie. Wimbo wao aliokuwa akiuimba akikusanya mipira, na mimi naujua mwanzo hadi mwisho. Ataona haya. Aonje na yeye.

Jumatatu, 10 Februari

Nimemweleza Ndeshi mpango wangu. Nilitegemea aseme sawa Mjomba. Badala yake amefunga mlango wa duka, akanivutia kiti.

"Mjomba, hivi umewahi kujiuliza kwa nini aliulizwa habari zako?"

Sikuwahi.

Kumbe Toni aliyaweka mahojiano mtandaoni. Aliniahidi ni ya Arusha tu, kaweka. Mtu wa huko Uchina akakata kipande, akakibandika maandishi ya Kichina. Kipande chenyewe ni kile cha kumi na minne, na pasipoti niliyoishika kwa mkono wangu.

Ndeshi akapiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika. Kama wakati ule alikuwa na kumi na minne, basi leo ana thelathini, siyo ishirini na nne kama anavyoandikwa. Basi vikombe vyote vya watoto alivichukua akiwa mtu mzima. Wapinzani wake wanataka achunguzwe. Wakimkuta na hatia anavuliwa vikombe na kufungiwa asicheze.

"Angesema anakufahamu, wangesema basi na umri wake unaujua. Wewe ndiye umemponza, Mjomba. Miaka sita umemwongezea kwa mdomo."

Nikamjibu vibaya. Nimemlea, nimemsomesha, leo anamtetea Mchina. Nimetoka bila kuaga.

Toni kanisaliti. Rulani kanisaliti. Sasa na huyu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeburuta rola mpaka katibu akauliza kama naumwa.

Sisi huku miaka tunaikata na kuiunga kama gauni la mtumba. Mama alinizaa mwaka wa njaa, ule wa unga wa njano wa msaada, basi. Cheti cha ubatizo kinasema nina hamsini. Kitambulisho kinasema hamsini na mitatu. Hakuna aliyewahi kunivua kitu kwa hiyo mitatu. Ningejuaje kwamba kuna mahali mwaka mmoja unaweza kumzika mtu akiwa hai?

Nimefikiri hivi. Nikisema ukweli, kwamba alikuwa na minane, basi nilimfundisha, na yeye aliyesema hanijui ndiye mwongo. Watauliza kingine anachoficha ni nini. Nikinyamaza, kumi na minne inabaki pale pale.

Imebaki njia moja. Siipendi. Na yeye simpendi leo, kwa kunifikisha hapa. Ingawa nimejifikisha.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda. Bila koti.

Toni alifurahi, alidhani nimeleta ugomvi. Nikashika maikrofoni.

"Naitwa Anaeli. Yule binti sijamfundisha. Sijawahi kumwona ana kwa ana. Pasipoti sikuiona, na miaka nimeibuni mwenyewe. Mimi ni mtu wa kutia chumvi, muulizeni yeyote Akheri."

Akauliza sasa kwa nini, mzee wangu. Nikasema nilitaka nisikike. Katika yote niliyosema leo hilo tu ndilo lilikuwa kweli. Dakika nne, nimemaliza.

Nimedanganya maisha yangu yote, na huu wa leo ndio uongo mkubwa kuliko wote. Hakuna hata mmoja aliyeutilia shaka. Kaaya kanisubiri barabarani, kanishika bega, macho yamemlowa. "Afadhali umetubu, ndugu yangu. Sasa umekuwa mtu." Katibu naye kanitumia ujumbe wa pongezi kwa ujasiri. Darasa halirudi lakini.

Nilitaka kumpiga Kaaya. Nikamshukuru.

Alhamisi, 13 Februari

Hakuna kitu.

Jumamosi, 22 Februari

Ndeshi amepanda Akheri asubuhi, amebeba mkate na sukari. Shikamoo ya chini kabisa, magoti karibu yaguse ardhi. Nimemwitikia. Yaliyopita hatukuyagusa.

Ananiambia kipande changu cha pili nacho kimebandikwa Kichina. Sasa wananitukana mimi, yeye wamemwacha. Nikamuuliza kama kuna ujumbe wowote kutoka kwake. Hakuna. Baadaye nikauliza tena. Hakuna.

Rulani alikuwa anacheza leo, mashindano mengine, mji nisioujua. Tukatazama kwenye simu, sauti imezimwa, chai ikiwa motoni. Kiwanja cha bluu, kigumu, kisafi kama sahani. Huko hawajui vumbi.

Ikafika zamu yake kuanzisha. Akasimama nyuma ya mstari, akainua mguu, akagonga kiatu kwa ubavu wa raketi. Kushoto. Halafu kulia. Halafu ndipo akarusha mpira.

Nikamtazama mpinzani wake. Hagongi. Kwenye kiwanja kile hakuna anayegonga, hakuna cha kukung'uta. Wanaogonga ni watu wa udongo mwekundu, unaojaa kwenye soli ukakutelezesha. Nilimwambia hivyo jioni ya kwanza kabisa, kwa mikono, maana Kiswahili alikuwa bado hajui: kushoto, kisha kulia, ndipo urushe.

Amefanya hivyo kila alipoanzisha. Nimehesabu mpaka nikaacha.

Ndeshi akauliza, "Mjomba, unahesabu nini?"

Nikamwambia aangalie chai, isimwagike.