Mikuyu ya Chemchemi ya Mama Mkwe

Kingerikiti, Nyasa

Dada yangu Salome,

Shikamoo. Kabla ya mengine, goti lako linaendeleaje? Na mvua huko Singida imeshuka, au bado mnatazama mawingu tu? Huku tu wazima. Joyce anang'oka meno, baba yake anapogoa kahawa. Mimi sina ugonjwa, ila kuna mtu nisipomsema nitaugua.

Ni Deogratias, kaka mkubwa wa mume wangu. Bila shaka unamkumbuka: alipokuja kwenye mahari aliongea kuliko mshenga.

Nilikwambia kikundi chetu cha akina mama kilijifunza kutengeneza mkaa wa kufukia shambani, si wa kupikia. Nachimba shimo nyuma ya jiko, nachoma magunzi na matawi makavu ya kahawa kidogo kidogo, na kabla hayajawa majivu nayazima kwa maji. Naponda, nachanganya na samadi ya mbuzi, naacha wiki kadhaa, ndipo natia kwenye ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo hulimia milimani. Udongo unashika maji. Tena mkaa ule hauozi upesi, kwa hiyo hewa ukaa ambayo ingepanda angani inabaki ardhini.

Deogratias alinikuta nimejaa masizi, akamwambia mume wangu nikisikia, "Ulisafiri mpaka Singida kutuletea mtu wa kulisha maharage mkaa?" Wakacheka wote wawili.

Halafu akasikia huko Mbinga mjini kwamba kuna watu wananunua hewa ukaa, yaani wanamlipa anayeizuia isipande angani. Tangu siku hiyo akawa mtaalamu. Akawa ananifundisha mimi, dada, kazi ya mikono yangu mwenyewe. Magunzi aliyakataa, eti ni mambo ya kike. Akachukua shoka akaenda kwenye chemchemi ya mama yake, akaanza kuangusha mikuyu miwili iliyoifunika tangu enzi za babu yao.

Nilimkuta ameshaangusha mmoja. "Shemeji, hiyo ndiyo inayotunza maji ya mama."

Akanitazama kama anayetazama mbwa aliyebweka. "Wewe endelea na magunzi yako."

Akaiangusha yote, akaifukia mibichi kama wachoma mkaa wa kuuza. Moshi ulilala kijijini mpaka watu wakakohoa kanisani. Mtu anakata mti uliosimama ukiinywa hewa hiyo hiyo, anauchoma, kisha anajisifu kwamba anaokoa hewa. Mbuzi wangu wana akili kumzidi.

Mkaa ulipopoa akaumwaga mtupu, bila hata konzi ya samadi, kwenye maharage ya mama yake. Mkaa mtupu hufyonza rutuba; maharage yakawa ya njano, yakadumaa. Chemchemi ikapungua ikabaki tope. Wanunuzi wa hewa hawajaonekana hadi leo.

Mama mkwe si mtu wa maneno mengi. Jumapili baada ya misa alimwita jikoni, sisi tumekaa.

"Deo, maji yangu yako wapi?"

Akaanza kueleza mabadiliko ya tabianchi. Mama akamngoja amalize.

"Nimekuuliza maji."

Deo akageukia ndoo tupu iliyokuwa mlangoni.

"Basi utanichotea mtoni mpaka miti mingine iote. Si mkeo, wala watoto wako. Wewe."

Sasa kila asubuhi mtaalamu anapanda mlima na ndoo kichwani. Akikutana na watu anasema ni mazoezi.

Shamba la mama nimelitengeneza mimi. Nilitia samadi nyingi kwenye ule mkaa, tukapanda upya, na maharage yamefunga vizuri. Mume wangu alibeba samadi yote mgongoni bila kuambiwa, na hakucheka. Deogratias anatangaza kwamba maharage yale ni mkaa wake, ulichelewa tu kufanya kazi. Sijamjibu. Maneno yangu nayatunza kwa ajili ya watu.

Nisalimie shemeji fundi cherehani, mama mdogo muuza karanga, na binti yako wa sekondari. Mwambie mama yake mdogo na watu wote wa huku wanamuulizia. Mguu upumzishe, usijitie ujana.

Nilitaka kusahau: pale chemchemi mimi na mama mkwe tumechomeka vipande viwili vya mkuyu, na vimechipua. Vinanifika kwenye kifundo cha mguu. Deogratias kila akipita anatua ndoo na kuvipima kwa kiganja, kisha anajitwika tena.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Joyce