Jembe Lililofika Ngazidja

Ngazidja, Komoro
2 Desemba 2023

Mwanangu Winifrida,

Habari za Pito, na Bibi yako ameamkaje? Mie mzima, bahari nimeivuka. Wanaume wazima walitapika melini, mimi nikawashikia vichwa. Barabara ya huku inakatika ghafla: mlima ulitema moto zamani, ukatiririka, ukaganda jiwe jeusi. Teksi ikashindwa, nikashuka kwa miguu. Jiwe linakata soli kama msumeno. Mlima ulifuka moshi uliponiona, nikaukazia macho, ukaacha.

Mwambie Mama, bibi yako, kesho nafika alipolala kaka Theodory, baba yako mkubwa aliyefia huku. Nitamchimbia udongo wa kaburi la mwanawe kama alivyoagiza, aushike kabla hajafumba macho. Jembe ninalo begini, nimelichomoa mpini. Siamini majembe ya ugenini.

Baba yako mdogo,
Leonsi

Pito, Sumbawanga
4 Desemba

Shikamoo Baba mdogo,

Sisi hatujambo, ila Bibi chakula kimemshinda, anaonja togwa ya ulezi tu. Nilipomsomea habari ya mlima alicheka, akasema hata ng'ombe wa Msanzi hawakuogopi. Kisha akauliza udongo umefika wapi. Siku nzima kiganja chake kiko wazi juu ya blanketi. Andika upesi, simu ninayo mkononi.

Mwanao,
Winifrida

Ngazidja
9 Desemba

Mwanangu,

Wasalimie wote. Hali yangu usiiulize sana; siku sita nimeshindwa kuandika.

Kaburi nimeliona. Nilipiga jembe pembeni likatoa cheche, pale ni jiwe tupu. Nikasogea penye udongo, juu ya kaburi lenyewe. Mzee Mbae, jirani aliyemzika, akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja, bila ukali: “Huo tuliubeba kwa ndoo kutoka mashamba ya juu, kila nyumba ndoo yake. Lakini ni ndugu yako. Ukitaka, chukua.”

Waislamu watupu, wamembebea Mkatoliki wetu udongo. Na ni mchache, mawe yanachungulia. Mimi niliyebeba magunia mawili toka Mwimbi, moja kwa meno, kiganja kimoja cha udongo kimenishinda. Nimwambie nini Mama?

Leonsi, baba yako

Pito
10 Desemba

Shikamoo Baba mdogo,

Pole na safari. Nimemsomea Bibi neno kwa neno. Akasema: “Asiuchukue. Jembe lile alilimia matuta yangu ya maharage, akalitia begini bila kuliosha, namjua. Akwangue hilo tope, amwachie kaka yake.”

Kisha amefumba kiganja, amelala usingizi.

Mwanao,
Winifrida

Ngazidja
12 Desemba

Shikamoo Mama,

Unaendeleaje? Winifrida akusomee taratibu.

Ni kweli sikuliosha. Tope la Pito lilikuwa limekauka kwenye tundu la mpini. Nimelikwangua kwa kucha, halikujaa kijiko. Mzee Mbae akanionyesha nafasi kati ya mawe, upande wa kichwa. Nilipoliweka mvua ikanyesha, likayeyuka, likachanganyika na udongo ule wa ndoo.

Hapa siongezi chumvi, Mama.

Mwanao,
Leonsi