Ngano Aliyoipeta Mama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nisipokuamkia, mama atasikia huko alikokufuata, na mimi nitagombezwa nikiwa na mvi hizi.

Nianze na habari njema. Mtaa wetu mzima wa Miyuji hakuna mwanaume mwenye bahati kama mimi. Nyumba ya baba ni yangu yote, vyumba vya mbele, vya nyuma, na uani. Wenzangu wanavutana na ndugu zao mahakamani mpaka nguo zinawapwaya. Mimi sikugawana na mtu hata bati moja. Vyumba vya mbele nimepangisha wanafunzi wa chuo. Wananiita baba mwenye nyumba, na mimi naitika kwa sauti nzito kama waziri.

Juzi binti mmoja katika hao, anayesoma kilimo, alikuwa barazani akimsomea mwenzake habari za kromosomu yenye ubinafsi, iliyoingia kwenye ngano kutoka kwa nyasi za mwituni. Nikamwambia, "Mwanangu, funga hilo daftari. Huyo mwizi mimi nimemwona kwa macho yangu."

"Mzee, umemwona wapi?"

"Hapa hapa uani. Alikamatwa na dada yangu."

Wakacheka, wakadhani ni porojo zangu za kawaida. Ndipo nikaona bora nikuandikie wewe, shahidi wangu.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka masomoni Ulaya? Zilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa sabuni na redio, mitumba imefurika sokoni. Mimi nilikuwa nimetoka utingo wa malori, nimefika Lusaka, nimefika Bujumbura, nikijiona hakuna kona ya dunia iliyobaki. Ukafungua sanduku mbele yetu. Tulitegemea viatu. Zikatoka bahasha za ngano.

Mama akauliza, "Mwanangu, huko Ulaya hakuna vitenge?"

Ukaniita uani, ukachora vijiti mchangani ili hata mtu wa darasa la saba aelewe. Ulisema kromosomu ni nyuzi ndogo zilizomo ndani ya mmea, ndizo zinazobeba urithi. Wataalamu waliizalisha ngano na nyasi za ukoo wake, kwa kuwa nyasi zile zinavumilia ukame na ugonjwa wa kutu. Kila bahasha ilikuwa na ngano iliyopokea uzi wake mmoja wa mwituni. Uzi wa kigeni ulio peke yake kwa kawaida hupotea upesi, watoto wachache tu ndio huupata. Lakini mmoja katika hizo ulikataa kupotea. Chavua na mayai yasiyoubeba uliyaua, nusu ya suke ikawa mapepe, na kila punje iliyopona ilikuwa nao. Hukujua ni wa bahasha ipi, na usipojulikana, mkulima angekuja kuuziwa mbegu yenye mwizi ndani.

Nikasema, "Yaani kama baba mdogo na ng'ombe wa babu."

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Baba mdogo angalau alituachia mbuzi."

Muda haukuwepo. Ofisini kwenu, kwenye utafiti wa mbegu, walikuwa wanapunguza watu, na maabara ilikuwa imeshatangaziwa kufungwa. Ulikuwa na kipupwe kimoja tu. Tukapanda uani, mstari kwa mstari, tukabeba maji kwa ndoo kutoka bomba la jirani, na wapita njia nikiwaambia hiyo ni mbegu ya ikulu. Mama alitutazama akatikisa kichwa. "Watu wanalima uwele, ninyi mnanywesha majani."

Ulipovuna, ulitia masuke ya kila mstari katika kifuko chake, ukavitundika jikoni, ukaenda ofisini kuomba hadubini kabla haijafungiwa. Mama akabaki na vifuko. Nani asiyemjua mama? Nafaka chafu ndani ya nyumba yake ilikuwa aibu kubwa kuliko mgeni kukosa ugali. Akachukua ungo. Alipura kifuko kimoja kimoja, akapeta, akarudisha punje safi kila moja mahali pake, akafunga vizuri. Mapepe akawapa kuku.

Uliporudi ukapiga kelele, "Mama, mbegu zangu!"

"Zilikuwa chafu, mwanangu. Kifuko kimoja nilikionea haya, nusu nzima mapepe. Nikasema mtu asije akaona."

"Kifuko kipi, mama?"

"Nitajuaje? Sasa vyote ni safi."

Ulikwenda nyuma ya jiko. Nilikukuta umeshika ukuta. Ukaniambia, "Usimwambie mama alichofanya." Nikakuomba kisu niwapasue kuku wote, tuyatafute mapepe kwenye firigisi. Ukacheka huku machozi yanakudondoka. Kisha ukajifuta kwa kanga, ukasema, "Waliokufa wamepetwa. Tuwaulize waliopona."

Tukaziotesha punje juu ya vitambaa vibichi, kila kifuko na sahani yake; mama akala kwenye sufuria bila kuuliza. Tukaipeleka miche kwenye maabara yenu; ulikata ncha za mizizi, ukazitia rangi yenye harufu kama siki, ukazibana kwenye kioo cha hadubini. Kifuko baada ya kifuko, uzi wa mwituni uliuona kwenye miche michache tu. Ukafika kimoja, ukasogeza kioo, ukatazama tena. Mche wa kwanza ulikuwa nao. Wa pili nao. Wote.

"Tazama na wewe," uliniambia, "nisije nikawa naota."

Nilichokiona mimi ni kama minyoo midogo myekundu, dada, Mungu ananiona. Lakini ulinibana bega, nikapiga kelele, "Ndiye huyo!"

Tulipofika nyumbani mama akauliza, "Mwizi kapatikana?"

"Kapatikana, mama."

"Basi naye apetwe."

Maabara ilifungwa, lakini jibu lako lilikuwa limeshawafikia wenzako. Ukarudi nyumbani na sanduku lako, ukaigawa nyumba kwa kidole: "Wewe kaa mbele, unapenda kuonekana. Mimi nyuma, nipande majani yangu." Hukuyapanda. Uliugua, tukakupeleka hospitali ya Mvumi, tukakurudisha tukiimba nyimbo za kanisani, na mama hakukawia kukufuata.

Vyumba vya nyuma sijampangisha mtu. Navifagia mwenyewe, nafungua madirisha, nafunga. Watu wananipongeza kwamba nimerithi bila ugomvi. Ugomvi ndio ninaoutaka, dada. Ningependa utoke huko nyuma uniambie nimekula sehemu yako ya uani, mama atuamulie, nishindwe.

Pumzika, mwenye kazi nzuri. Nisalimie mama, mwambie sahani zote zimeoshwa.

Ile bahati niliyojisifia, sina. Nimekudanganya.

Mdogo wako