Mokaya, Mbona Hukuniambia Habari ya Mkopo

Mokaya, mume wangu mdogo,

Ni mimi, nyanya yako. Nimekukasirikia, na hata kukuzika hakujanipoza.

Kwetu mtoto hapeleki aibu yake kwa baba. Anakuja kwa nyanya, wanataniana, anamwaga yote, na nyanya anafunga mdomo. Ulipewa jina la babu yako, ndiyo maana nilikuita mume. Wasichana wako wote uliniambia, hata yule wa kukoroma. Hili moja ukanificha.

Ulisema umeandikwa kazi ofisini kule Kenyenya. Siku ya Sabato nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa sauti, na wewe umekaa pale unaitikia amina. Amina ya nini, wewe?

Tuliambiwa lori lilikugonga ukipita soko la Keumbu. Siku ya mazishi rafiki yako akashika maikrofoni: "Hakuwa anapita. Alikuwa anapakia ndizi na sisi." Watu wote wakageuka kuniangalia mimi, wakaacha jeneza.

Akaeleza yote. Kule ofisini walitaka barua ya kuonyesha unalipa mkopo wa chuo uliopewa na serikali. Hulipi kwa sababu huna kazi, na kazi hupewi kwa sababu hulipi. Faini nayo inazaa kila mwezi kama sungura. Na waliopanga hivyo wamesoma!

Ungeniambia, ningekucheka kwanza. Ningesema, mume gani huyu anatafutwa na serikali! Halafu ningekusongea ugali wa wimbi, ule, tufikiri. Mimi ni mtu wa kufichwa?

Sasa dadako Kerubo ameitwa chuo. Anakataa kuomba mkopo. Anapalilia chai yangu akilia, anasema, "Nyanya, sitaki yaliyompata Mokaya." Baba yenu anasema basi akae nyumbani. Nimemwambia anyamaze.

Kesho nampeleka mwenyewe akaombe. Huo mkopo siupendi, lakini majani yangu ya chai hayatoshi karo. Nimemwambia, "Kazi ikikosekana, ukishindwa kulipa, unakuja kwangu siku hiyo hiyo, hata kama umevaa matambara." Ameapa. Nakuahidi, Mokaya, huyu hatabeba peke yake na mimi niko hai.

Lala sasa. Kukusamehe bado. Siku nikija huko, usinisalimie kwanza. Anza kueleza.

Nyanya yako