Vipimo vya Alfajiri

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wote uliobaki katika mwili huu uliokonda, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi mahali pakavu na magoti yako yametulia. Mimi bado nipo. Nikisema ni mzima nitakuwa nimeianza barua kwa uongo, na leo nimedhamiria nisiandike uongo hata katika salamu. Miguu imevimba, pumzi zinaniishia kabla sijafika mlangoni, na muuguzi anayekuja Jumatatu na Alhamisi ameacha kuniambia kwamba nitapona. Siku hizi ananiambia nimependeza. Daktari naye huzungumza na mwanao nje kwa sauti ndogo, kisha mwanao huingia akiwa amenawa uso. Mtu wa miaka themanini na mmoja hahitaji kufafanuliwa hayo.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Mwanao alinisomea mara ya kwanza kwa sababu miwani ilikuwa imepotea, halafu nikaisoma mwenyewe mara tatu. Uliposema kwamba magoti yako yanatabiri mvua kuliko kituo changu cha zamani cha hali ya hewa, na kwamba ningekuwa bado kazini ungeninyang'anya ajira, nilicheka mpaka nikakohoa. Mwanao akaja mbio na maji, akanigombeza kwamba mjomba mzima hana adabu na kifua chake.

Nakuja kwenye lile uliloniuliza. Mwanao anataka uiache nyumba, uhamie huku ng'ambo ya milima, ukae naye katika nyumba hii hii anayoniuguzia. Wewe moyo unakwenda na kurudi. Umeniomba nichukue karatasi, niigawe kwa mstari katikati, upande mmoja faida za kuhama na upande wa pili hasara, kama nilivyowafanyia wewe na marehemu shemeji miaka arobaini iliyopita. Umeandika kwamba karatasi ile iliwaokoa msitangetange na mgonjwa, na kwamba hata leo hakuna ushauri unaouamini kuliko wangu. Sentensi hiyo ndiyo imenichelewesha kukujibu. Lipo jambo ambalo lazima ulijue kabla hujafunga hata sanduku moja, nami nitalisema humu humu, usiache kusoma.

Kwanza niseme kwamba nilijaribu. Jumapili iliyopita niliegemezwa mito, nikapewa kalamu, nikachora mstari, ingawa ulipinda. Upande wa faida niliandika hewa, kwa kuwa huku ni kavu na magoti yako yatakushukuru kabla ya mwezi kwisha. Nikaandika kwamba nyumba ya mwanao haina ngazi, na kwamba anafanya kazi ya kutoa dawa hospitalini, kwa hiyo hutapanga foleni na watu. Nikaandika kwamba kuta za nyumba yako zimelowa hadi usawa wa kiuno, na kwamba fundi wa mwisho aliyeziona alishauri uzipake chokaa na kumwomba Mungu.

Upande wa hasara haukuwa mfupi. Vumbi la huku linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Maji hutoka kwenye bomba mara tatu kwa wiki. Huna mtu hapa anayekujua tangu ujana, wa kukutania kuhusu nguo ulizokuwa ukivaa. Mkwe wako ni mpole na mkarimu, lakini anasikiliza mpira redioni kana kwamba wachezaji nao ni viziwi, na nyumba ya binti, hata ikiwa na vyumba kumi, mama mtu hukaa humo kama mgeni, ameshika mkoba. Tena lipo kaburi. Najua unakwenda kulipalilia kila Jumamosi. Ukija huku litaota nyasi.

Hapo kalamu ikasimama. Niliona kwamba faida iliyo kubwa kuliko zote sikuwa nimeiandika, nayo ni yangu. Nataka uje. Nataka nife ukiwa umenishika mkono. Mtu anayetaka hivyo hawezi kumchorea mwenzake mstari katikati ya karatasi, na mimi kosa hilo nimeshalifanya mara moja.

Turudi nyuma kidogo. Unakumbuka nilikuwa kapera wa miaka arobaini na mmoja, nikiishi katika kile chumba cha uani kwako. Kituo cha hali ya hewa kilikuwa cha mtu mmoja, kwenye kile kilima nyuma ya shule: bomba la kupimia mvua, na kile kisanduku cheupe chenye vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kimevishwa kitambaa cha maji; kadiri namba zao zinavyoachana, ndivyo hewa ilivyo kavu. Shemeji alikuwa akinitania kwamba sikuoa kwa sababu wanawake wote niliowapima walikuwa na unyevu usiofaa. Wewe ulikuwa ukimkemea, lakini ulikuwa ukicheka. Kila jioni mwanao, akiwa na miaka saba, alikuja na sahani yangu mkono mmoja na daftari lake mkono wa pili, nami nilikula huku nikisahihisha hesabu zake. Watu wengine wana nyumba na mke. Mimi nilikuwa na jioni hizo.

Kisha pumu ya shemeji ikazidi. Unajua kazi yake ya kutengeneza saa ilivyokuwa: alikuwa akibana pumzi ili aweke springi mahali pake kwa kibano, na alipoiachia, kikohozi kilitupa kila kitu sakafuni. Nilimkuta mara mbili akiwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, akitafuta kijiskrubu kisichozidi chembe ya chumvi, huku mdomo umekuwa wa kijivu. Daktari akamwambia kwamba hewa ya pale inamlemea, na kwamba kama anaweza, ahamie upande mkavu, huku ng'ambo ya milima. Hakuahidi kwamba atapona. Alisema huenda.

Mlizungumza mwezi mzima. Shemeji aliogopa kuwaacha wateja wake. Wewe ulisema wanaume waamue, ila siku ya kuhama utahama na sufuria zako zote, hutaacha hata mfuniko. Shemeji alikuwa ameshaanza kuegemea kuondoka, ameshaandika hata barua ya kuuliza chumba cha kupanga. Ndipo akanijia kituoni Ijumaa moja mchana, akakaa juu ya jiwe kando ya kisanduku, akaniomba nimfanyie hesabu ya kweli. Alisema watu wamemchosha kwa maoni, yeye anataka namba, kwa sababu namba haina undugu na mtu.

Kila mwezi makao makuu walikuwa wakinitumia taarifa ya vituo vyote nchini. Ya huku nilikuwa nayo mezani. Hewa, mdogo wangu, hailingani siku nzima. Alfajiri kila mahali kuna unyevu, hata jangwani nyasi hulowa umande. Tofauti ya nchi na nchi huonekana saa nane mchana, jua likishafanya kazi yake. Huko kwenu alfajiri tulikuwa tukipima asilimia tisini na sita na mchana themanini. Huku alfajiri walipima themanini na nne, na mchana thelathini na tano. Mchana wa huku ndio daktari aliokuwa akikiombea kifua cha shemeji.

Nilichora mstari katikati ya karatasi, nikachukua vipimo vya huku vya alfajiri, nikaviweka kando ya vipimo vyetu vya mchana. Themanini na nne kwa themanini. Sikuandika saa. Kila namba kwenye karatasi ile ilikuwa ya kweli, na mkaguzi yeyote angeikuta kwenye daftari, lakini karatasi nzima ilikuwa uongo. Nikamwambia shemeji kwamba kwa kweli huku kuna unyevu kuliko nyumbani, na kwamba pengine daktari amesikia habari za zamani. Mtu aliyefanya kazi na saa maisha yake yote hakuuliza ni vipimo vya saa ngapi. Aliniamini. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akanishukuru, akateremka kilima akisimama kila hatua kumi kutafuta pumzi. Nilimtazama mpaka akafika chini, na sikumwita.

Sikuwa na chuki naye, usije ukadhani hivyo. Nilimpenda. Niliogopa tu kubaki katika chumba cha uani cha nyumba isiyo na watu. Nilijidanganya kwamba daktari alisema huenda, na kwamba huenda ni neno lenye pande mbili. Hata leo sijui kama hewa ya huku ingemponya. Ninachojua ni kwamba alikuwa na haki ya kuijaribu, na mimi nilimnyang'anya.

Mwaka wa tatu baada ya karatasi ile, asubuhi ile ambayo mawingu yalikuwa yamelala juu ya mapaa, nilikuwa mbele ya kisanduku nikisoma vipimajoto pale jirani yenu alipopiga kelele kutoka chini kwamba nije haraka. Nilimaliza kwanza kuandika namba. Tisini na saba. Sikuwahi kukueleza kwa nini nilichelewa kufika siku hiyo. Baada ya mazishi ulinishika mikono miwili mbele za watu ukasema, heri hatukumpeleka mume wangu kufia ugenini. Nilikuitikia.

Watu walisema nimepandishwa cheo nilipohamishwa mwaka uliofuata. Si kweli. Niliomba mwenyewe, maana sikuweza tena kupokea sahani kutoka mkononi mwako. Nikaomba kituo hiki hiki. Mchana wangu wa kwanza hapa nilisoma vipimajoto mara tatu nikidhani kimoja kimeharibika, jinsi vilivyoachana. Tarishi aliyeniletea barua alinisimulia kwamba alikuwa na pumu kwao, lakini tangu ahamie hapa analala chali kama mtoto. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamkaribisha chai. Kwa miaka ishirini nilisoma hewa ile kila siku saa nane mchana, nikaiandika kwa mkono wangu, nikaweka sahihi.

Kisha mwanao akaanza kukohoa, nami nikakuandikia umlete asome huku. Uliniuliza, ukiwa na haki, mbona wakati ule nilisema huku kuna unyevu. Nilikujibu kwamba hali ya hewa hubadilika. Ukaniamini tena, ukamtoa mtoto wako wa pekee, ukabaki peke yako na kuta zile. Kwa hiyo hesabu yangu kwako ni zaidi ya mume.

Ungeweza kuniuliza kwa nini nisinyamaze, maana zimebaki siku chache. Nimejiuliza hivyo wiki mbili. Nikinyamaza utakuja, utanilisha uji, utanifuta uso, na nitakufa nikiitwa kaka mwema. Nitakuwa nimekuhamisha kama nilivyokuzuia, kwa ajili ya starehe yangu. Safari hii uamue ukiwa na karatasi nzima.

Sitakushauri uje wala ubaki. Ninayoyajua kwa hakika ni haya: hewa ni kavu kweli, hasa saa nane mchana, na hata alfajiri ni kavu kuliko ya kwenu, mwanao amepaka rangi chumba cha mbele na kununua kitanda kifupi ili usipande, na anakuhitaji, ingawa atakwambia wewe ndiye unayemhitaji. Ukija, njoo kwa ajili yake. Sijamwambia neno. Nimemwomba aitie barua hii posta bila kuisoma, na kwa kuwa umemlea vizuri, hataisoma. Kama utamweleza au hutamweleza, hilo ni lako.

Kama nitakuwa bado nipo siku utakapofika, sikuombi uingie chumbani kwangu. Pita moja kwa moja sebuleni. Ukuta ulio kati yetu ni mwembamba, mkwe wako amenithibitishia hilo kwa redio yake. Nitakusikia ukiwapangia upya vyombo na kulalamikia vumbi, na hilo litanitosha. Na kama hutakuja kabisa, nitajua umeisoma barua mpaka mwisho.

Msalimie jirani yako muuza vitunguu, mwambie bado namkumbuka alivyokuwa akiniuliza kila asubuhi kama aanike au asianike, kisha anafanya kinyume. Wasalimie wote wanaoniulizia. Ukienda makaburini Jumamosi, usimpe shemeji salamu zangu. Zake nitampelekea mwenyewe, pamoja na zile namba za mchana.

Ni mimi niliyekula mezani pako miaka yote ile,

Kaka yako