Banda Lisilo na Mlango

3 Februari

Kaka,

Naogopa kuku. Nimeliandika hili kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, na barua itakufikia haina kitu. Sijamwambia mtu mwingine. Mama hajui. Hata rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja miaka yote hajui.

Sasa shikamoo. Hujambo huko kazini? Kikohozi kimepona? Sisi hatujambo, goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Ningekutumia ujumbe, lakini simu ni ya Mama, na Mama husoma kila kitu, tena kwa sauti. Ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la saruji linalokuja huko kwenu.

Mambo ni haya. Vifaranga uliowaacha wamekuwa kuku, na lile banda ulilojenga kabla ya kuondoka limejaa. Usiku wanalala wamepandana kama viatu mlangoni siku ya wageni. Juzi tukiosha vyombo Mama akasema, "Wewe umemaliza shule. Banda ni lako sasa. Lipanue kabla ya mvua. Ukishindwa nauza wale wachanga wote, nawe utakwenda kukaa dukani kwa mjomba wako."

Unamjua Mjomba. Anataka kila anayeingia akaribishwe kwa sauti, hata aliyekuja kuuliza njia. Mimi nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja sijui pa kuweka mikono. Nikamwambia Mama nitajenga. Sikumwambia kwamba sijawahi kuingia ndani ya banda lile. Siku zote yeye hulisha na kuokota mayai, mimi naosha vyombo. Akiniambia nishike kuku, nasema tumbo linaniuma. Ni macho yao, Kaka. Hawakutazami kwa mbele. Wanakutazama kwa upande kama watu wanaokuteta. Na jogoo, yule tunayemwita Mwenyekiti, ameshanijua. Nikipita anasimama.

Fedha alizonipa Mama zinatosha wavu tu na misumari kidogo. Mengine nijitafutie. Niambie nianzie wapi, kwa maneno mepesi.

Mdogo wako


18 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi changu kimeondoka, kimehamia kwa mwenzangu wa chumbani, kwa hiyo usingizi bado sijaupata. Mpe Mama pole ya goti.

Nimecheka, nisikufiche. Halafu nikakumbuka zile siku za tumbo lako, na jinsi Mama alivyokuwa akikuchemshia maji ya tangawizi ukayanywa yote bila neno. Nikaacha kucheka.

Usinunue mbao. Mjomba hupokea bidhaa kwenye makreti ya mbao, na kila Jumamosi huyachoma nyuma ya duka. Mwombe kabla hajawasha. Ndiyo, itabidi uongee, lakini ni maneno manne: Mjomba, naomba haya makreti. Unapong'oa ubao usiuvute. Ugonge kwa nyuma kwanza, utaachia wenyewe. Misumari iliyopinda inyooshe juu ya jiwe, usitupe hata mmoja. Bati la bafu la zamani lipo nyuma ya tangi la maji, matundu yake ziba kwa lami. Upande unaopiga mvua weka mbao, upande wa pili weka wavu. Inua sakafu kwa matofali. Maranda ya kutandika chukua kwa seremala, atashukuru ukimpunguzia.

Kuhusu Mwenyekiti, mpime kwa macho. Hafiki hata uzito wa begi lako la shule.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na mwenzako anakohoa bado? Mwambie ajaribu tangawizi, mimi ni shahidi. Hapa sote wazima.

Banda limesimama. Kwa Mjomba maneno manne yalitoka matatu, "naomba haya makreti", lakini alielewa. Bati nimelipata, lami pia. Nimejenga kuanzia pale lilipoishia la zamani, kwa hiyo sasa ni moja refu.

Sasa nikueleze kitu. Unakumbuka kabati la Mama lililoliwa na mchwa? Droo zake zilikuwa nzima. Nimezichomeka ukutani, nusu ndani, na nimetandika maranda. Kuku anataga mle, mimi nipo nje, navuta droo naokota mayai. Chakula namimina kwenye kipande cha bomba kilichopenya ukutani, kinatokea kwenye bakuli ndani. Sakafu ni fito zilizoachana, kinyesi kinadondokea kwenye bati lililo chini, nalivuta kwa reki. Siku ya kwanza nilivuta droo kuku akiwa bado ameketi. Alitoka nayo taratibu kama abiria, tukatazamana. Nikairudisha. Siku hizi nabisha hodi kwanza.

Jirani yetu fundi cherehani alikuja kuona. Akavuta droo, akarudisha, akavuta tena. "Huyu mtoto ana akili," akamwambia Mama. "Anafuga kuku bila kuchafua kiatu." Mama akasema, "Ndiyo faida ya shule hiyo." Tangu siku hiyo kila mgeni anapelekwa nyuma ya nyumba kabla hata hajapewa kiti. Mimi nakaa upande wa pili wa tangi mpaka waondoke. Fundi cherehani anataka nimjengee lake, kwa malipo. Nikamwambia nitafikiri, nikaingia ndani.

Wewe peke yako unajua ukweli. Kila nilichobuni, nilikibuni ili nisiingie mle. Mama hajataja tena duka la Mjomba, lakini hajasema pia kwamba nimefaulu. Anasema tungoje mvua. Nimekuchorea banda nyuma ya karatasi hii.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Mimi sijambo, mwenzangu kapona. Jumapili nilipanda juu ya tangi la maji nikapata mtandao, nikaongea na Mama. Nilitaka kumsalimia tu. Nikapewa habari za droo mpaka salio likaisha.

Nami nina langu. Wenzangu hapa wanasema hakuna mpaka rangi anayeziweza kona na kingo za madirisha kama mimi. Msimamizi ananiita Bwana Kona. Sababu ni kwamba ngazi naiogopa. Nikifika kipandio cha tatu magoti yanacheza. Basi nilijifunza kazi za chini, nikazifanya vizuri sana ili mtu asinitume juu. Hilo tangi nililopanda ni fupi, halizidi meza mbili. Kwa hiyo nisome vizuri: akili iliyotoka kwenye woga bado ni akili.

Ila nimeutazama mchoro wako. Nikaugeuza juu chini. Nimeona droo, nimeona bomba, nimeona tundu la kutokea kuku. Mlango wa mtu uko wapi? Ule niliouweka mimi naona sasa unafungukia ndani ya banda jipya. Akiugua kuku mle utamfikiaje? Nijibu haraka.

Kaka yako


15 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na magoti yako pia. Sisi wazima.

Barua yako ilifika kesho yake. Yaani kesho ya siku niliyokwisha kuligundua hilo mwenyewe.

Mama alikuwa amekwenda kliniki kuonyesha goti. Mvua ilikuwa imeanza. Nikasikia makelele bandani, nikachungulia kwenye wavu. Mwenyekiti alikuwa amening'inia kichwa chini, mguu umenasa kwenye waya niliosahau kuukata ncha. Anapiga mabawa, na kila akipiga waya unazidi kukaza. Nikalizunguka banda nikitafuta pa kuingilia. Nikalizunguka tena, kama vile mlango ungeota. Ningebomoa ubao, lakini nyundo ilikuwa kwa fundi cherehani, na wavu nikiukata, fedha za kununua mwingine sina. Nikafikiri nimngoje Mama. Halafu nikafikiri Mama atamkuta jogoo wake amekufa ndani ya banda langu, na kabla ya jioni nitakuwa dukani nikikaribisha wateja.

Nikachukua koleo la waya nikapita kwenye tundu la kutokea kuku. Bega moja kwanza, halafu la pili. Sikufumba macho, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukosea. Matetea walirudi nyuma wote kwa pamoja. Kumbe na wao wananiogopa. Nikamshika Mwenyekiti chini ya mabawa. Ulisema kweli, ni mwepesi. Manyoya ndiyo mengi, jogoo mwenyewe kidogo. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kama wangu. Nikakata waya, nikamweka chini. Alisimama kwa mguu mmoja, kisha miwili, kisha akanidonoa mkono. Sikutegemea shukrani.

Ndipo nikasikia sauti ya fundi cherehani nje. "Hodi. Nimeleta nyundo. Uko wapi wewe?"

"Ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ya banda."

"Na mvua hii? Unafanya nini humo?"

"Nakagua."

Kaka, sijui lilitoka wapi neno hilo. Akasema kumbe ndiyo maana kuku wetu wana afya. Akaniuliza tena kuhusu banda lake, na kwa kuwa hanioni, niliongea. Tulipatana ukubwa, malipo, na siku ya kuanza, mimi nimechuchumaa kwenye maranda.

"Liwe kama hili hili," akasema.

"Lako litakuwa na mlango."

"Kwani hili halina?"

"Hili lilikuwa la majaribio."

Mama aliporudi alinikuta naweka bawaba. Fundi cherehani alikuwa ameshamweleza barabarani. Mama akalitazama banda, halijavuja. Akaniosha jeraha la mkono, halafu akampigia Mjomba simu kwa sauti yake ile: "Tafuta mtu mwingine wa dukani. Huyu ana kazi."

Bado nawaogopa. Asubuhi nafungua mlango mpya, nasimama kidogo, naufunga, naenda kwenye droo. Mama anaamini ni shule. Fundi cherehani anaamini nilikuwa nakagua. Waache waamini hivyo. Habari ya ngazi yako sijamwambia mtu na sitamwambia, nawe habari ya kuku wangu iishie kwako. Ukimaliza kusoma, ipitishie karatasi hii brashi yako ya rangi, upande wa mbele na wa nyuma, mpaka isisomeke.

Mdogo wako